Nani Aliutunga Wimbo Huu? Historia ya Misa Luba na Funzo Lake kwa Kwaya Yetu

Na Katibu wa Kwaya



Wapendwa wanakwaya, waamini wa parokia na wageni wetu wa jubilei, historia ya kwaya yetu wameieleza wazee waanzilishi katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na wameieleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Mimi nimepewa nafasi ya kuandika juu ya historia ya muziki wa Kanisa. Ni bahari pana, na mtu akiingia bila kuchagua njia atapotea. Kwa hiyo nimechagua habari moja tu: habari ya mtawa wa Kifransisko kutoka Ubelgiji, Padre Guido Haazen, na ya wavulana na walimu wa Kamina, nchini Kongo, ambao mwaka 1958 waliimba Misa iliyokuja kusikika duniani kote. Misa hiyo inaitwa Misa Luba.

Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna swali linalotuhusu sisi tunaosherehekea miaka 25 ya kuimba. Wimbo ukishapendwa na kuimbwa na watu wengi, ni nani atakayekumbukwa kwamba aliutunga?

WATAWA WATUNZI NA PWANI YETU

Padre Haazen hakuwa mtawa wa kwanza kushughulika na muziki. Tangu zamani nyumba za watawa zimekuwa shule za uimbaji, kwa sababu mtawa huimba zaburi kila siku, asubuhi hadi usiku. Anayeimba kila siku hatimaye hujifunza, na baadhi yao hutunga.

Zama za watawa wa namna hiyo ziligusa hata pwani yetu. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Mwaka 1597 watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino walifungua nyumba yao kisiwani Mombasa. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 400 iliyopita, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni, Misa ya Kilatini ilikuwa ikiadhimishwa. Habari hiyo haikuisha kwa amani. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, aliwaasi Wareno, na Wakristo waliokataa kuiacha imani yao wakauawa. Hao ndio tunaowaita wafiadini wa Mombasa. Mwaka 1698 ngome ikatwaliwa na Waarabu wa Oman.

Katika miaka hiyohiyo, mjini Lisbon, aliishi mtawa wa shirika la Wakarmeli aitwaye Manuel Cardoso. Alizaliwa mwaka 1566 katika mji mdogo wa Fronteira, akafundishwa muziki kwenye kanisa kuu la Évora, kisha mwaka 1588 akajiunga na konventi ya Wakarmeli mjini Lisbon. Aliishi katika nyumba hiyo zaidi ya miaka 60, akipiga kinanda na kuongoza waimbaji, hadi alipofariki mwaka 1650. Alitunga kwa mtindo wa mwisho wa zama za Renesansi, yaani sauti nyingi zinazoingia moja baada ya nyingine, zikifuatana na kupishana bila hata moja kuwa mtumwa wa nyingine. Misa yake ya wafu ya sauti 6 ingali inaimbwa na kwaya kubwa za Ulaya.

Kwa nini ingali inaimbwa? Kwa sababu ilichapishwa. Katika uhai wake Cardoso alichapisha vitabu 5 vya muziki: kimoja mwaka 1613, kimoja mwaka 1625, viwili mwaka 1636 na cha mwisho mwaka 1648. Kazi zake nyingine zilibaki katika nakala za mkono. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, Lisbon ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi, kisha moto. Maktaba ya muziki ya mfalme iliteketea. Kanisa la konventi aliyoishi Cardoso lilianguka, na magofu yake yanaonekana hadi leo. Kazi zilizokuwa katika nakala za mkono zilipotea, lakini vile vitabu 5 vilipona, kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimeshasambaa katika miji mingine.

Naomba tulikumbuke jambo hilo tunapovuka sasa kutoka Lisbon ya Cardoso hadi Kongo ya karne ya 20. Kule Kamina tutakutana na mtawa mwingine, na muziki ambao haukuandikwa hata nota moja.

PADRE HAAZEN AFIKA KAMINA

Kamina ni mji wa reli katika eneo la Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Wenyeji wake ni Waluba, na Kiswahili kinasemwa huko pamoja na Kiluba. Padre Haazen, aliyezaliwa mwaka 1921, alifika huko mwaka 1953, wakati Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji.

Tukumbuke hali ya ibada ilivyokuwa wakati huo. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa iliadhimishwa kwa Kilatini kila mahali, na katika misheni nyingi ngoma hazikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa. Nyimbo za lugha za kienyeji zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa tuni za Ulaya zilizobandikwa maneno ya Kiafrika. Hapo palikuwa na tatizo ambalo wanakwaya wenzetu wasemao Kidigo na Kikamba watalielewa haraka. Katika lugha hizo, sauti ya neno ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Kiluba ni hivyohivyo. Ukichukua tuni iliyotungwa kwa Kijerumani au Kifaransa ukaipachika maneno ya Kiluba, tuni inapanda pale neno linapotaka kushuka, na msikilizaji anasikia kitu kingine kabisa au hasikii maana yoyote.

Padre Haazen alisikiliza namna watu wa Kamina walivyoimba wenyewe: kazini, matangani, harusini na usiku wa ngoma. Akaunda kundi la wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Kundi lilipewa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule: Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin. Walianza kwa nyimbo za kwao wenyewe, pamoja na ngoma zake. Baada ya hapo likaja wazo la kuyachukua maneno ya Misa, yaleyale ya Kilatini yaliyoamriwa na Kanisa, na kuyaimba kwa namna ya Kiluba.

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo hapo Kamina, Misa hiyo iliimbwa.

MISA ILIVYOUNDWA

Wanakwaya, tuingie kidogo jikoni tuone ilivyopikwa.

Maneno hayakuguswa. Kyrie ni Kyrie, Gloria ni Gloria, Credo ni Credo. Kilichobadilika ni namna ya kuimba. Kwa Kyrie, Gloria na Credo walifuata mtindo wa kasala. Kasala ni utenzi mkongwe wa Waluba, unaotolewa matangani na pia katika sherehe za kumsifu mtu. Mtoa kasala huanza peke yake, sauti ikiporomoka kutoka juu kama mtu anayelia, na watu humjibu. Hebu fikirini jinsi unavyolingana na Kyrie. "Bwana utuhurumie" ni kilio, na ni wito unaohitaji kujibiwa. Anayeimba peke yake analia, umati unamwitikia. Waluba hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo kutoka Ulaya. Walikuwa nalo tangu enzi.

Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Hosanna ikawekewa mdundo wa ngoma ya kuchezwa kutoka Kasai. Agnus Dei ikatokana na wimbo wa Bena Lulua, ndugu wa Waluba wa upande wa Kasai. Kwa hiyo katika Misa moja mlikuwa na kilio, kuagana na kucheza: mambo yaleyale yaliyomo katika maisha ya mtu, na katika Misa yenyewe pia, inayoanza kwa kuomba huruma na kumalizika kwa watu kutawanyika kwa amani.

Sasa jambo la ajabu zaidi. Hapakuwa na karatasi. Hakuna mtu aliyekaa mezani akaandika sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kundi lilikubaliana juu ya mtindo, tuni na zamu za kuingia, halafu likaimba, kila sauti ikitafuta mahali pake papo hapo. Mwimbaji wa solo, Joachim Ngoi, alikuwa na uhuru wa kupamba tuni kadiri alivyoguswa siku hiyo. Misa ya Jumapili moja haikufanana kabisa na ya Jumapili nyingine. Sisi wenyewe tunajua jambo hilo. Mama mmoja akianza pambio wakati wa matoleo, soprano wanamfuata, alto wanajipanga chini yao, tenor wanaokota njia yao, na besi wanaingia bila mtu kuwapa nota. Hakuna aliyefanya mazoezi, na hakuna anayekosea. Huo nao ni utunzi, hata kama hatuuiti hivyo.

ULAYA, MWAKA 1958

Mwaka huohuo kundi la Kamina lilipelekwa Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na waliimba pia katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Brussels. Kampuni ya Philips iliwarekodi, na santuri ikaanza kusafiri.

Maonyesho hayo ya Brussels yana upande wa giza ambao ni haki tuutaje. Katika sehemu ya Kongo waandaaji walijenga "kijiji" cha Kiafrika, na humo wakawaweka wanaume, wanawake na watoto wa Kikongo waonekane na wageni nyuma ya uzio. Baadhi ya wageni waliwarushia vyakula kama watu wanavyowarushia wanyama. Wale Wakongo walichoshwa na dharau hiyo, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha.

Wekeni picha hizo mbili pamoja. Katika mji mmoja, mwaka mmoja, mgeni angeweza kumtazama Mwafrika nyuma ya uzio, halafu akaenda kuwasikiliza wavulana wa Kamina wakiimba Credo. Aliyeusikiliza uimbaji ule kwa moyo hangeweza tena kuamini alichoonyeshwa kwenye kile kijiji. Ndiyo maana nasema Misa Luba ilikuwa jambo kubwa kuliko muziki mzuri. Ilikuwa ushahidi kwamba Mwafrika anao moyo wa kusali, akili ya kutunga, na sauti yake mwenyewe mbele za Mungu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikapata uhuru. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake ya kwanza, juu ya Liturujia, na kifungu cha 119 kikaelekeza kwamba muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huohuo wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, oratorio iliyotungwa na Joseph Kyagambiddwa wa Uganda iliimbwa Roma. Mlango ulikuwa umefunguka, na ni kwa mlango huohuo kayamba na ngoma tunazopiga Jumapili ziliingia kanisani. Anayedhani ngoma zimekuwa humo siku zote na awaulize babu na bibi zake.

Misa Luba iliendelea kusafiri. Mwaka 1968 sehemu ya Sanctus ilitumika katika filamu ya Uingereza iitwayo If...., na vijana ambao hawakujua hata Kamina iko wapi wakanunua santuri yake madukani. Mwaka 1990 ilitolewa rekodi nyingine, na safari hii waimbaji walikuwa Wakenya: Muungano National Choir, wakiongozwa na Boniface Mganga. Waliuimba wimbo wa Waluba wakaufanya wa kwao pia, na katika rekodi hiyo wakaweka na nyimbo za asili za Kenya.

MAJINA YALIKWENDA WAPI?

Hapa ndipo ninapotaka kufika.

Baada ya santuri kuenea, kwaya za Ulaya na Marekani zilitaka kuiimba Misa ile. Lakini watu wasiozaliwa katika mtindo ule hawawezi kubuni sauti papo hapo. Wanahitaji karatasi. Basi wataalamu wakasikiliza rekodi, wakaandika nota zake, na muziki ukachapishwa. Karatasi ikishachapishwa inataka jina juu yake. Jina lililowekwa ni la Padre Guido Haazen.

Nisieleweke vibaya. Padre Haazen alifanya kazi kubwa, na hakuwahi kuficha kwamba Misa ile ilibuniwa na kundi zima kwa pamoja. Bila masikio yake, na bila ujasiri wake wa kuingiza ngoma kwenye Misa wakati ambapo wengi hawakutaka, pengine dunia isingeisikia. Alifariki mwaka 2004, na anastahili shukrani zetu. Lakini waliobuni sauti zile walikuwa wavulana na walimu wa Kamina. Jina la Joachim Ngoi tunalo kwa sababu aliimba solo. Wale wavulana 45 na walimu wenzake hawatajwi popote juu ya karatasi za muziki zinazouzwa. Watunzi wa ule wimbo wa kuagana na wa ule wimbo wa Bena Lulua hawajulikani kabisa.

Na kuna jambo linalonisikitisha zaidi kila ninapolifikiria. Kasala, ule mtindo uliobeba Kyrie, Gloria na Credo, kazi yake kubwa ni kutaja majina. Mtoa kasala humtaja marehemu au anayesifiwa, akamtaja baba yake, ukoo wake, na majina yake ya sifa, ili asisahaulike. Mtindo wa kutaja majina ukazaa Misa ambayo watunzi wake hawatajwi.

Kosa halikuwa la wale wavulana, wala sioni haja ya kumnyoshea kidole mtu mmoja. Kilichotokea ni kwamba wimbo ulikuwa midomoni, na karatasi ilikuwa mikononi mwa wengine. Karatasi ndiyo iliyotoa ushahidi.

Sheria ya nchi yetu nayo inakwenda njia hiyohiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini inadai jambo moja kwanza: kazi iwe imeandikwa, au imerekodiwa, au imewekwa katika hali nyingine inayoshikika. Wimbo ulio kichwani tu, hata kama parokia nzima inaujua, bado haujafika mahali ambapo sheria inaweza kuushika mkono.

TURUDI NYUMBANI

Kwaya yetu ni Kamina ndogo. Tazameni tulivyokusanyika. Wapo waliozaliwa hapa Kwale, Wadigo na Waduruma. Wapo Wakamba ambao wazazi wao walikuja kulima Shimba Hills. Wapo Wataita, Waluo na Waluhya walioletwa na kazi za hoteli Diani, au kwa mashamba ya miwa ya Ramisi, au kwa ualimu na uuguzi Msambweni. Kila mmoja alikuja na tuni ya kwao. Katika miaka hii 25 tuni hizo zimekutana kwenye mazoezi ya Jumamosi, zikapewa maneno ya Zaburi na Injili, zikawekewa kayamba, na zimekuwa nyimbo ambazo hazipatikani parokia nyingine yoyote.

Ninatunza kabati la kwaya, kwa hiyo ninajua kilichomo. Nyimbo za vitabu zimo, na nyimbo za walimu mashuhuri zimo, nyingi zikiwa fotokopi ya fotokopi. Kwenye fotokopi nyingi ukingo wa juu umekatika, na huko juu ndiko huandikwa jina la mtunzi. Ama nyimbo zetu wenyewe, zile tulizozizaa hapa, nyingi hazina karatasi yoyote. Zimo vichwani mwa watu, na nyingine zimo kwenye simu za watu, na simu hupotea na kuharibika.

Watu nao huondoka. Mwaka 2020, hoteli za Diani zilipofungwa kwa sababu ya korona, wenzetu wengi walirudi bara na baadhi yao hawakurejea. Kila aliyepanda basi aliondoka na nyimbo zake. Wapo pia waliotangulia mbele ya haki. Mzee wetu mmoja wa besi alitutungia wimbo wa matoleo tunaoupenda hadi leo. Tangu azikwe, wimbo huo unaimbwa kwa namna tatu. Wazee wanaimba ubeti wa pili kwa njia moja, vijana kwa njia nyingine, na kwaya ya watoto imejifunza ya tatu. Hakuna wa kuamua ipi ni sahihi, kwa kuwa mwenye wimbo hayupo na hakuuandika. Na kuna vijana wa kwaya hii, wanaouimba kila mwezi, ambao hawajui kwamba ulitungwa na mtu aliyekaa kwenye benchi hilohilo wanalokalia wao.

Ikiwa hali ni hiyo baada ya miaka michache tu, itakuwaje tukifika jubilei ya dhahabu?

Tetemeko la Lisbon lilichukua kila kilichokuwa katika nakala moja, na likaacha kilichokuwa kimechapishwa na kusambazwa. Kule Kamina muziki ulipona kwa sababu ulirekodiwa, lakini majina ya watu hayakupona. Sisi tunaweza kuhifadhi vyote viwili, na bila gharama kubwa. Kwa idhini ya mwenyekiti na mwalimu wa kwaya, naleta mapendekezo manne:

1. Tuwe na Daftari la Nyimbo. Kila wimbo uliozaliwa katika kwaya hii upate ukurasa wake, na juu ya ukurasa tuandike mambo matatu: nani alitunga maneno, nani alileta tuni au ilitoka kabila gani na wimbo gani, na nani alipanga sauti. Ambapo wimbo ulitungwa na kundi zima siku ya mazoezi, tuandike majina ya waliokuwapo.

2. Mwalimu wa kwaya na wanaojua solfa wauandike kila wimbo, sauti zote nne. Tuanze na zile zinazojulikana na wazee peke yao.

3. Tuwarekodi wazee wetu wakiimba, wimbo mmoja mmoja, na kabla ya kuanza kuimba kila mmoja aseme jina lake na mwaka. Rekodi zisikae kwenye simu moja. Nakala moja iwe ofisi ya parokia, nyingine kwa katibu, nyingine kwa mwalimu.

4. Tunapoimba wimbo wa kwaya nyingine, tuandike jina la mtunzi wake kwenye ratiba ya nyimbo za Misa. Kama jina limekatwa kwenye fotokopi, tulitafute. Tusiwafanyie wenzetu tusilotaka kufanyiwa.

Najua wapo watakaosema kwamba mwimbaji wa Kanisa hatafuti sifa, na kwamba utukufu wote ni wa Mungu. Ni kweli, na hakuna anayepinga. Lakini Kanisa letu lenyewe huwataja watu kwa majina. Katika Litania ya Watakatifu tunawaita mmoja mmoja. Mwezi Novemba tunaandika majina ya marehemu wetu na kuyaweka altareni. Kumtaja mtu ni njia ya kumshukuru Mungu aliyetupatia mtu huyo. Tukiuimba wimbo wa yule mzee wetu huku tukijua kwamba ni wake, tunaimba na kumwombea kwa pamoja.

Daftari jipya limeshanunuliwa. Litakuwa mezani nje ya kanisa baada ya Misa ya jubilei, karibu na meza ya vitabu, na Jumamosi zote zinazofuata litakuwa kwenye mazoezi. Nawaomba akina mama na akina baba mlioanzisha kwaya hii mwe wa kwanza kukaa hapo. Msiogope kwamba hamjui nota. Imbeni tu, vijana wataandika.

Nawatakia nyote jubilei yenye furaha. Bwana awajalie afya na sauti njema, na marehemu wa kwaya yetu wapumzike kwa amani. Amina.